Tiketi za Mahari Imerudi

Gazi, 3 Julai 2025

Mwanangu Hanifa,

Assalaam aleikum. Hujambo mwanangu, kifua kimepoa? Au ile baridi ya Nairobi bado inakukamata? Huku tu wazima alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto limeanza tena maneno yake, na mvua imenyesha mpaka kuni hazishiki.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tukianza tunagombana, na salio linaisha kabla hatujapatana. Yule Kheri wa kwenye basi atakuletea mpaka mkononi. Nimempa na mkate wa kumimina. Uangalie usije ukawa umepungua.

Mwanangu, nimesikia redioni kuwa mchezo wenu wa Mahari Imerudi unaletwa Diani mwezi wa nane, ukumbi wa hoteli. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, nikakuna na kidole. Mtangazaji akasema Nairobi watu walijaa mpaka wengine wakarudishwa. Akataja waigizaji, akakutaja na wewe: Hanifa Swabir, bibi harusi. Nilipiga ukelele mpaka jirani yangu Twaiba akaja mbio na fimbo, akidhani nyoka.

Sasa nataka kuja kukuona. Miaka yote uko huko, mimi sijakuona kazini kwako hata mara moja. Nikienda harusini wananiuliza, "Hanifa anafanya kazi gani siku hizi?" Nikisema anaigiza, wanasema, "Ah." Wengine wanasema mnakumbatiwa na wanaume mbele ya watu. Na mimi sijaona. Nataka niuone tangu mwanzo hadi mwisho kwa macho yangu haya, mtu akiniuliza nimjibu kama aliyekuwepo.

Basi niletee tiketi, yangu na ya Twaiba. Sijasikia harusi ambayo bibi harusi kanyimwa kadi za mamake.

Mimi mamako,
Biasha


Nairobi, 14 Julai 2025

Shikamoo Mama,

Natumai barua hii inakukuta salama na goti limetulia. Ulipeleke hospitali Msambweni, Mama, usilipake mafuta tu na kulisomea dua. Mimi kifua kimepoa. Mkate umefika, pembe moja haipo. Kheri anasema panya. Nimemuuliza huyo panya ana masharubu kama yake?

Kuhusu tiketi, tafadhali usinikasirikie. Safari hii waigizaji hatukupewa hata moja. Viti vya bure vimekwenda kwa wafadhili na wageni wa hoteli. Nilimfuata mwongozaji wetu, Bwana Kavumbi, nikamwambia mamangu anakaa papo hapo Gazi. Akanijibu, "Hanifa, hapa kila mtu ana mama." Ningekununulia mwenyewe, lakini malipo yetu hutoka ziara ikiisha.

Viti vya mbele usiviulize, bei yake unapata mbuzi. Lakini ziko tiketi za nyuma za wanaowahi mapema, hizo unaziweza. Zinauzwa mtandaoni tu, kwa simu. Nenda saiba ya Ukunda, pale penye kompyuta, wakusaidie, na uende upesi kwa sababu huisha. Na nakuomba Mama, usiende kuuliza kwenye geti la hoteli. Watakuvunja moyo bure.

Mwanao,
Hanifa


Gazi, 29 Julai 2025

Mwanangu Hanifa,

Marahaba. Uzima upo, subira ndiyo imeniishia. Nakwambia mapema ili usome ukiwa umekaa.

Nilikwenda kwenye geti la hoteli. Najua ulinikataza. Nilisema niulize tu, mdomo haulipiwi. Askari akaniangalia akasema, "Mama, samaki ni mlango wa nyuma."

Nikamwambia, "Sina samaki."

"Basi unataka nini?"

"Nataka tiketi ya mchezo wa mwanangu."

"Tiketi ni kwa simu."

Nikaitoa simu yangu nikamwonyesha. Hanifa, alimwita mwenzake aje aone. Wakaigeuza kabambe yangu ya vibonye mbele na nyuma kama wameokota kitu cha Mreno.

Nikaenda saiba. Pale kuna msichana wa bara anaitwa Faith, mtoto mzuri, ila mdomo wake una mambo. Ananiita mathe. "Mathe, tulia, hii tutaipata." Akauliza jina, nikampa. Akauliza barua pepe, nikamwambia barua zangu hupelekwa na Kheri. Akacheka, akaweka yake. Tumefika pazuri, stima ikapotea. Tukakaa gizani na joto lile, mimi na yeye na mtu mmoja aliyetaka kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Stima ikarudi, tukaanza upya. Mtandao ukasema niweke namba ya siri kwenye simu yangu nilipe. Naikamata simu, imezima, chaji hakuna. Faith akaitia kwenye chaji. Ilipowaka, zile za bei ya chini zimekwisha. Faith alipiga meza ngumi, akasema neno la kwao sikulielewa, lakini nililiunga mkono.

Wakati natoka nimefura, akanifuata bwana mmoja muuza makava ya simu, Mangi. "Mama, tiketi ninazo, za mkono kwa mkono." Karatasi nzuri, ina maandishi ya dhahabu. Nikanunua, nikarudi mbio kwa Faith kumwonyesha. Akasoma, akanitazama kwa huruma. Ilikuwa ya mashindano ya kwaya, mwaka juzi. Kutoka nje, Mangi hayupo, na makava yake hayapo.

Twaiba alicheka mpaka akakaa chini. "Biasha wee! Tiketi ya mwanao ngumu kuliko mahari yake!"

Mimi sikucheka. Hebu niambie, huo mchezo mmeuleta Diani kwa ajili ya nani? Mmeuleta kwetu, na sisi hatumo. Muulize huyo Kavumbi.

Mimi mamako,
Biasha


Nairobi, 6 Agosti 2025

Shikamoo Mama,

Nimesoma barua yako nikalia, nikacheka, nikalia tena. Tafadhali acha. Usipoteze tena pesa zako za kuuza maandazi kwa ajili yangu. Nimejaribu kwa Bwana Kavumbi mara nyingine, amekasirika, amesema nikimuuliza tena atamchezesha msichana mwingine.

Tunacheza Jumamosi na Jumapili, tarehe 16 na 17. Jumatatu nitakuja Gazi, nikusimulie mchezo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hata nikuigizie papo hapo jikoni. Itakuwa ni sawa na kuuona.

Mwanao,
Hanifa


Gazi, 11 Agosti 2025

Mwanangu Hanifa,

Salamu nyingi, na kifua ukifunike.

Jikoni nakuona kila ukija. Sitaki kusimuliwa.

Sikiliza. Faith alinitumia mtu niende haraka. Kumbe Jumapili alasiri mchezo wenu ni wa watu wa Kwale, ukionyesha kitambulisho unalipa nusu ya bei, na zinauzwa kwa mkono kwenye duka moja la vitabu pale Ukunda. Jambo hilo halikutangazwa popote, wameliandika kwenye kikaratasi wakakibandika nyuma ya mlango. Ukifungua mlango, hukioni. Faith alikiona kwa sababu mlango ulimgonga.

Nilipanga mstari na goti langu. Mbele yangu mwanamume akataka kununua za ofisi nzima kwa kitambulisho kimoja. Nikamwambia, "Baba, na mimi nimezaliwa Kwale, niachie." Watu wakaniunga mkono. Nimepata, yangu na ya Twaiba, kila moja kwa kitambulisho chake. Nimezifunga kwenye pindo la leso na usiku nalala nayo.

Tumenunua leso za sare, za rangi ya kunde. Wewe fanya kazi yako vizuri, usinitafute kwa macho. Mimi nitakuwepo.

Mamako,
Biasha


Gazi, 21 Agosti 2025

Hanifa,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima.

Jumatatu nilipika wali wa nazi na pweza. Mpaka magharibi natazama njia. Jumanne Twaiba akala. Nikikupigia, simu haishikwi. Basi nitaandika, na usome mpaka chini.

Nilikaa nyuma kabisa, lakini nilikuona vizuri. Ulipotoka na ile nguo ya harusi, nilimshika Twaiba mkono. Hakuna mwanamume aliyekukumbatia ovyo, na nimeshawaambia watu hivyo. Halafu wakaja wale watu wa bwana harusi wakarudishiwa mahari, wakaondoka wanakutukana, na shangazi zako wa mchezoni wakakugeuzia mgongo mmoja mmoja. Ukapiga magoti. Ukalia kilio ambacho mimi nakijua, ulilia hivyo babako alipozikwa. Ukasema, "Sina mtu! Dunia nzima sina mtu!"

Nikangoja. Nikasema labda wataitika wale wa viti vya mbele, wao wako karibu. Hakuinuka hata mmoja. Mmoja alikuwa anatafuna njugu. Ukasema tena, sina mtu. Hanifa, kwetu mwanamke akilia hivyo mbele ya watu haachwi. Na hata kwenye taarabu, mtu akikugusa moyo huinuki ukamtuza? Mimi nilidhani wanasubiri wa kuanza.

Nikasimama, nikasema, "Unaye!" Twaiba akapiga kigelegele. Nikashuka kati ya viti, watu wananipisha, wengine wanapiga makofi. Nikapanda zile ngazi zenu. Nikakufuta machozi kwa leso, nikakutia noti mkononi.

Ukaniangalia kama hunijui.

Nikakuita jina lako. Taratibu, nilivyokuwa nikikuita asubuhi uamke. Ukageuza uso, ukaangalia ukutani. Wakaja askari wawili, mmoja huku na mmoja huku, wakanitoa kwa mlango wa nyuma. Twaiba akatoka kunifuata, anawatukana kwa Kidigo mpaka nje.

Tulisimama kwenye mchanga. Ndani watu wakacheka, wakanyamaza, wakapiga makofi kwa muda mrefu. Sijui kwa lipi. Watu wananiuliza, "Uliuona mchezo?" Nasema niliuona. Wananiuliza uliishaje, na mimi sijui.

Kama nilikutia aibu niambie kwa maneno. Usininyamazie.

Mamako


Nairobi, 17 Septemba 2025

Shikamoo Mama,

Najua unaweza kukataa kuitikia hiyo shikamoo, lakini naiweka. Vipi goti? Umekula vizuri?

Barua yako nimetembea nayo Nakuru na Kisumu. Kila nikitaka kujibu, kalamu inakauka.

Nilikuona tangu ulipoingia. Zile leso za kunde zilikuwa mbili tu ukumbi mzima. Mama, bibi harusi wa mchezoni ni yatima. Ulipopanda, nikajiambia nikikuitika tu, mchezo umekufa na kazi yangu imekufa, Kavumbi alikuwa pembeni ananikodolea macho. Nikaukaza uso wangu usionyeshe kitu. Uliponiita ile sauti ya asubuhi ndipo niligeuka, kwa sababu ningebaki nakutazama ningelia kweli nisinyamaze. Jumatatu nilifika hadi Ukunda. Nikaona haya, nikapanda gari la kurudi. Nisamehe.

Kuna jambo jingine, na naogopa kuliandika. Mtu alikupiga video. Imetembea mitandaoni. Kule Nakuru nilipolia "Sina mtu," watu wakaanza kuuliza, "Mama yuko wapi?" Sasa Kavumbi, yuleyule aliyeita askari, anataka kukuweka mchezoni. Mwenzetu mmoja, Jemima, atakaa kati ya watazamaji na leso, kisha atasimama na kusema "Unaye," apande kunituza. Nimemwambia bila idhini yako sichezi. Ameniambia basi niandike haraka, kwa sababu Oktoba tunakuja Mombasa.

Tiketi bado hatupewi. Nimeuliza.

Mwanao,
Hanifa


Gazi, 28 Septemba 2025

Mwanangu Hanifa,

Marahaba. Tena marahaba. Ulifika Ukunda ukarudi? Pweza wangu ulimwachia Twaiba kwa sababu ya haya? Wewe mtoto hamnazo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikamsomea na Twaiba. Yeye anasema nidai mahari. Mimi nauliza hivi: huyo Jemima ataingia bure kunifanya mimi, na mimi mwenyewe nilipanga mstari nikalipa, nikatolewa nje? Na mara hii tena nitafute tiketi nivuke feri nikajiangalie? Hebu mweleze Kavumbi jambo hilo polepole, kama unavyomweleza mtoto, uone kama atalielewa.

Huyo Jemima goti linamuuma? Basi mwambie ngazi zile asizipande mbio. Mimi nilizipanda kwa kushika ukuta. Na leso ajifunge vizuri, nyie wa huko mnazifunga kama taulo.

Na bado hujaniambia mchezo ulivyoisha. Barua nzima, umetaja Nakuru na Kisumu, mwisho wa mchezo hukuutaja. Faith ameniambia atanitafutia tiketi ya Mombasa, atazunguka kila mlango kuangalia nyuma yake. Nikipata nitakuja, nikikosa nitakosa. Nimechoka kuahidiwa.

Idhini nimetoa. Lakini asije askari. Mama wa mchezoni akishapanda, asitolewe. Mwekeeni kiti huko huko juu akae mpaka mwisho auone.

Na wewe akikuita jina lako, muitike. Useme, "Abee, Mama." Kavumbi akikukodolea macho, akodoe.

Mimi mamako,
Biasha