Kinachoshikanisha Mafuta na Maji

Mjukuu wangu Neema, mwanangu sasa hivi amejipaka losheni mpaka masikioni. Ndiyo, mimi ni bibi yako kwa ukoo, ingawa bado nanyonyesha. Huku kijijini Mamba hatujambo.

Umeuliza kama kinachoshikanisha mafuta na maji kwenye losheni kina madhara. Zama zile za foleni madukani, bidhaa zilipoadimika, tukijipikia losheni wenyewe, ya wifi yangu ilishikana, yangu ikajitenga, mafuta juu, maji chini. Wivu ukanituma nitie sabuni ya kufulia. Ikashikana. Bahati nilijipaka mimi kabla ya kumpaka mtoto wangu wa kwanza; mkono ukababuka.

“Si ungeniuliza, wifi?” akasema. Yeye alitia nta ya kutengenezea losheni, ile inayoshikanisha mafuta na maji, kidogo tu. Wengi haiwadhuru, ila jaribu kwanza mkononi. Ngozi yake bado naionea wivu, lakini sasa namuuliza, na ndiye huyo ananiita tukapike nyingine.