Vitanzi Kwenye Foleni

Mount Druitt, 19 Agosti 2021

Mdogo wangu Verdiane,

Poleni na vumbi la kambi ya wakimbizi huko Kasulu. Huku ughaibuni Agosti ni baridi na tumefungiwa ndani, basi nimeanza kujifunza kroshia. Cheka tu, mimi niliyefuma masweta miaka arobaini! Kwenye sindano mbili, vitanzi vya mstari mzima hukaa wazi vikisubiriana. Kwenye kroshia unafunga kimoja ndipo uanze kingine. Mimi nikavirundika vyote kwenye ndoano, hata mwanao Belyse, nilipomtumia picha, akasema, "Mama mkubwa, umevipanga foleni ya posho kambini?" Tulicheka sana.

Sindano nimeziacha kwa sababu simu ikilia nashtuka, zinachomoka, na mstari wote unafumuka. Kroshia nikiitupa, kinafumuka kitanzi kimoja au viwili.

Na simu inalia, Verdiane. Nilikuambia Belyse ana zamu ndefu. Nilikudanganya, nisamehe. Aliambukizwa korona kule anakohudumia wazee, na leo ni siku ya sita yuko hospitali. Haturuhusiwi kumwona. Daktari amesema kesho watamlaza usingizi kwa dawa ili mashine impumulie. Wengi huamka, alisema. Hakusema wote.

Kabla ya hapo ataongea na mtu mmoja kwa simu. Waliniandika mimi, nami nimewapa namba yako. Itakuwa kesho saa mbili asubuhi ya kwenu. Barua hii naituma kwa wasapu ili uipate leo. Chaji simu. Usilie mpaka amalize kusema.

Dada yako anayekupenda,
Akimana