Togwa katika Mtungi wa Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baba ameniita leo. Nilidhani ni habari ya kifua chake. Kumbe anataka kupatana na Basili! Kasema akitazama moto, si mimi: mwambie mdogo wako aje Ijumaa, nataka kumwitikia kabla sijafa.

Nililia. Nikasingizia moshi.

Miaka mitatu sasa Baba hajaitikia shikamoo ya Basili. Ni tangu mazishi ya Mama — Basili alikuja amelewa, akaanguka juu ya udongo wa kaburi, akamtukana Baba mbele ya wazee. Baba akasema, huyu simwitikii tena. Na kweli. Basili akisalimia, Baba anageuza uso na kutazama ng'ombe. Mtu asiyeitikiwa na baba yake, kwetu hana hata pa kuketi harusini.

Furaha yangu haikufika langoni. Baba aliniita nirudi. "Na pombe utapika wewe, Hilaria. Kwenye mtungi wa mama yako."

Ningesahauje! Kupatana kwetu ni kwa pombe. Baba anapuliza funda la kwanza kifuani pa mwanawe, mwana anakunywa kibuyu hicho hicho, ndipo anaitikiwa. Binti wa nyumba ndiye mpishi. Na binti ni mimi peke yangu — mzee wa kanisa, mwalimu wa Sande skuli.

Hilo la kanisa ni dogo. Basili hajagusa pombe tangu matope ya mlimani yalipofunika nyumba za Jorodom. Siku ile jirani alimvuta miguu kutoka ndani, amelewa, hajui hata kama mlima umeshuka. Anasema akionja funda moja tu, hatarudi. Namwamini. Nimemwona akiwa huko.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa mchungaji. Hakuniacha nimalize. Akafungua Mithali: divai humdhihaki mtu. Na utaratibu wa usharika naujua, anayepika na anayekunywa ni mmoja, wote wanakaa nje ya meza ya Bwana. Nikamuuliza, na Timotheo aliyeambiwa anywe kidogo kwa ajili ya tumbo? Hiyo ilikuwa dawa, akasema. Na harusi ya Kana? Divai ile haikuwa kama ya siku hizi. Nilitaka kuuliza amejuaje. Nikaaga.

Njiani nikamkuta Renatus, katekista wa Wakatoliki, anatengeneza uzio. Yeye akanipa Zaburi: Mungu ndiye aliyetoa divai, mtu afurahi moyoni. Dhambi ni ulevi, mama, si kinywaji. Maneno mazuri. Ila alikuwa ananukia furaha hiyo, na ilikuwa bado asubuhi.

Nimesoma mwenyewe hadi macho yakauma. Paulo kwa Warumi: afadhali kuacha nyama na divai kuliko kumkwaza ndugu. Nikasema basi, imekwisha. Halafu nikakumbuka: waheshimu baba yako na mama yako. Haijaisha. Kila aya inavuta kwake, na kamba ni mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Katesh. Nilipitia dukani kwa Zulfa kununua sukari, nikajikuta namweleza yote. Akasema kwao hakuna mjadala, haramu ni haramu. Kisha akacheka: "Lakini shemeji yangu anawashinda Wakristo wako wote kwa kunywa." Alipokuwa anafunga sukari akauliza, kama mtu anayeuliza bei: "Kwani ni lazima ilevye?"

Sikuwa nimejiuliza.

Nikaenda kwa Basili pale anapochomelea mageti. Amekonda, lakini macho meupe. Nilipomwambia Baba anamwita, alikaa chini juu ya vyuma. Hakuuliza lolote kuhusu pombe. Akasema tu, "Nitakunywa, Dada. Hata kama ndiyo itaniua, nikafe nimeitikiwa."

Nimekasirika. Nikamwambia asinitishe na maneno ya kijinga. Itakuwa togwa, isiyolevya! Rangi ileile, uzito uleule, na Baba siku hizi hata chumvi haisikii mdomoni. Basili akacheka, akafuta macho kwa glavu. "Wewe ndiye mpishi. Nitakunywa utakachonipa."

Kwa hiyo ninamdanganya baba yangu ili nimheshimu. Hiyo nayo iko kitabu gani?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepika. Uji wa mahindi, nikauacha upoe, nikatia kimea cha ulezi, chote nilichokuwa nacho. Baba alikuja mwenyewe kuangalia kama natumia mtungi wa Mama. Alipitisha kiganja juu yake, akaondoka. Nimeuosha mara nyingi kwa maji ya moto. Mama alipikia pombe humo tangu sijazaliwa.

Togwa ni tamu. Watoto wamelamba mwiko. Nina amani kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Haikufanyika. Mzee Xavery ndiye shahidi, bila yeye hakuna kupatana, na yuko Dongobesh, ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Atakuja Jumapili. Jumapili! Siku ya Chakula cha Bwana. Basili alikuwa amefika tayari, na shati jipya. Baba alibaki ndani. Wamekaa boma moja, ukuta mmoja katikati, kila mtu anakohoa upande wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefunua mtungi. Povu.

Nikasema ni macho yangu. Nikasogeza sikio. Inachemka bila moto, taratibu. Nimeonja. Utamu umeondoka, ulimi unachoma.

Mtungi! Hamira ya Mama ya miaka yote imekaa ndani ya ule udongo, maji ya moto yangeitoa wapi. Mwanamke gani wa huku asiyejua kwamba mtungi wa pombe hautiwi togwa? Mimi. Nilikuwa nashughulika na Warumi.

Kupika nyingine haiwezekani. Kimea kimeisha, na ulezi hauoti kwa siku moja. Na kutoka Dongobesh, Xavery yuko njiani. Nimejaribu kuomba, nikajikuta nazunguka tu jikoni nikipanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kengele ya kanisa imelia. Sikwenda.

Xavery amefika. Wamekaa uani, Baba kwenye kigoda chake, amevaa koti lake la harusini. Basili alikuja jikoni kuchukua kibuyu. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nimeshindwa. Nikamwambia: si togwa tena, ni pombe kabisa, mtungi umeniangusha, nisamehe. Nikamwambia anaweza kupita nyuma ya zizi, nitasema ameugua.

Akanusa. Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Karibu miaka miwili, na koo halijasahau.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. Akakibeba mwenyewe, kwa mikono miwili.

Nimebaki mlangoni na daftari hili juu ya gunia, naandika kwa sababu siwezi kutazama mfululizo. Baba amechukua funda. Amempulizia kifuani. Shati jipya limelowa. Xavery amesema maneno ya baraka. Baba amemrudishia kibuyu.

Basili amekishika. Hajakiinua.

Xavery anamwambia anywe, mzee anangoja.

Basili amepiga magoti. Amekiweka kibuyu chini, polepole, kisimwagike, kati yake na miguu ya Baba. "Shikamoo, Baba," amesema. Kabla ya kunywa! Haijawahi kufanywa hivyo.

Xavery amesimama. Nasikia ng'ombe upande wa zizi, pale Baba anapotazamaga siku zote.

Baba hajaitika. Lakini hajageuza uso.