Ile Tisheti ya Joan

Walubengo, nishike bana. Huyu dada yangu nitamfanyia kitu leo.

Si unajua Nekoye alitoka Kitale akuje hapa Bungoma kunisaidia na mtoto wangu Nasambu, tangu jeshi limtume bibi yangu Joan mpakani?

Na unajua ile tisheti Joan aliacha makusudi bila kufua? Nasambu hulala ameikumbatia kwa vile iko na harufu ya mama yake.

AMEIFUA. Ati inanuka jasho! Ameifua na sabuni ya unga akaianika kwa fensi.

Nasambu ameinusa, akaniangalia. "Baba, hii si ya mama." Halafu akaingia chini ya kitanda kutafuta ile ya mama. Ile ya mama, bana!

Nekoye naye anacheka. "Kwani mnalea mtoto ama mbwa ya polisi?"

Nilipigia Joan, nikaweka spika. Alisikiza yote. Kisha akasema polepole, vile huongea akikasirika: "Wifi, usirudi Kitale. Nakuja likizo Jumamosi. Nikupate hapo hapo."

Saa hii Nekoye anapakia nguo mbio mbio.

Wacha apakie. Geti nimefunga, na kifunguo nimeikalia.