Bukwe, Rudi Unipokonye Abiria

Bukwe wangu Papa Ngoy, uliye Kaniama na mahindi yako,

Nakuamkia kwa heshima zote, nimekaa upande wangu kama inavyotakiwa. Najua bukwe, yaani mkwe mwenzako, haandikiwi hivi, mbele ya watu. Mama wa binti hamwambii baba wa mkwewe mambo ya moyoni. Huyapitisha kwa mtu wa kati, tena kwa upole. Lakini mtu wetu wa kati, mzee Mutombo mpakia mizigo, alirudi kwao Kabongo alipoachishwa kazi, na wewe kila nikikupigia simu unaniuliza habari za mvua. Basi nimeamua kuandika wazi, isomwe na kila mtu wa Kamina anayepanda ndege au aliyewahi kutamani kuipanda. Sitaki kesho aje mtu aseme mimi na wewe tulikaa chumbani tukapika bei.

Habari yenyewe ni hii. Kuna kampuni ndogo, ina ndege moja tu, inataka kuanza kutua hapa kutoka Lubumbashi. Watu wake walikuja, wakautembea uwanja wote kwa miguu, wakanywa soda kibandani, kisha wakaniuliza kwa sauti ya chini ni nani hapa Kamina anaweza kuwafungulia meza ya tiketi. Nikataja jina lako kabla hawajamaliza kuuliza. Nimemtaja mtu atakayekuja kunipokonya abiria, na mimi kazi ninayo hii moja ya kuuza tiketi.

Unaukumbuka ukumbi wetu, bukwe? Meza yako mkono wa kushoto, yangu mkono wa kulia, na katikati mzani mmoja tuliougombania kila asubuhi. Wewe uliitwa Kijani na mimi Njano, kwa rangi za mikia ya ndege za kampuni zetu mbili, utadhani hatukupewa majina nyumbani. Mama Kilufya, anayeuza samaki wa Bukama pale sokoni na kwenda Lubumbashi kununua vitenge, alikuwa akisimama palepale penye mzani, mkono kiunoni, akitugombanisha.

"Kule kwa Kijani banasema banaweza kunipunguzia," ananiambia.

"Basi kwenda kwa Kijani. Ile ndege yabo inarukaka juu ya maombi ya bibi ya piloti," namjibu.

Nawe hukukubali kushindwa. "Mama Kilufya, kuya huku! Kwetu ndege iko na milango mbili, na zote zinafungwaka!"

Watu walicheka mpaka wakasahau kwamba wamechelewa. Na Mama Kilufya alipanda kwa bei aliyoitaka yeye, kwa maana mmoja wetu lazima angelegea. Wakati ule niliona unanisumbua. Nilirudi nyumbani nikimlalamikia mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, kwamba yule mtu wa Kijani ataniua kwa presha. Leo naona zile ndizo siku nilizofanya kazi kwa furaha, na sikujua.

Kisha mwanao Patient na binti yangu Solange, waliokuwa wakituletea chakula cha mchana, wakapendana. Siku ya arusi Mama Kilufya alikuja na samaki wazuri kabisa na uso wa msiba. Alinivuta pembeni. "Mama Solange, ndoa iko muzuri. Lakini sasa bei, njo mutaunganisha? Batatukamua!" Ulisikia kutoka meza ya wanaume ukajibu bila kutuangalia: "Batoto njo banaoana, mama. Ndege hapana."

Ulitimiza neno lako. Lakini kuanzia siku ile tukawa bukwe, na desturi ikatubana. Bukwe hapigiwi kelele. Hatazamwi machoni. Hali chakula mbele ya mwenzake, ndiyo maana kila nilipofungua sahani yangu ya bukari, ugali wetu, uligeuza kiti ukatazama ukuta mpaka nimalize. Sasa watu wawili wasioweza kupigiana kelele watashindana vipi ukumbini? Ndipo tukamtumia Mutombo, naye alisimama katikati yetu na kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri.

"Mutombo, ambia bukwe yangu, na heshima yote, kama leo minashusha bei," nasema mimi.

"Mutombo, jibu bukwe yangu, magoti chini, kama minyi minashusha kumupita."

Maskini Mutombo alikuwa akigeuza shingo huku na huku, akirudia maneno ambayo ukumbi mzima umekwisha kuyasikia. Abiria walikuja mapema kwa ajili ya burudani ile tu. Ndege yangu ilipoharibika, ulimtuma yeye huyohuyo, safari hii taratibu, akaniinamia sikioni: "Bukwe anauliza kama uko na bagonjwa." Wagonjwa wangu walipanda kwako, na wako walipanda kwangu, na hakuna mkubwa yeyote wa Lubumbashi aliyetuagiza hivyo.

Halafu wakubwa wenyewe wakaungana. Sisi tulisikia redioni, pamoja na wauza nyanya. Walisema kampuni mbili zimekuwa moja, na abiria watapata huduma bora, na hakuna mfanyakazi wa kuogopa. Kwenye picha gazetini walikuwa wakikata keki, wote wameshika kisu kimoja. Ndege zote wakazipaka nyeupe. Sisi wa hapa kijijini, maana wao Kamina wanaiona kijiji, tulijua tu kwamba meza mbili haziwezi kusalia katika ukumbi wa kampuni moja.

Bwana wa ofisi ya wafanyakazi alipokuja, alitukalisha pamoja upande mmoja wa meza, bega kwa bega. Hapo tu alikuwa amekwisha kukosea, maana bukwe hawakai hivyo, na hakuna aliyemwambia. Akasema nafasi ni moja, na kila mmoja aeleze, mwenzake akisikia, kwa nini apewe yeye na si huyu. Wewe ukatazama sakafu. Mimi nikatazama mlango. Kwa mtu wa Lubumbashi lile lilikuwa swali la kawaida. Kwetu ni kama alituambia tuvue nguo.

Ulisimama, ukavua kofia. "Shefu, huyu mama iko bukwe yangu. Siwezi kushindana naye mu maneno. Mumupe yeye." Ukatoka. Yule bwana akaelewa jambo moja tu, kwamba kazi huitaki. Akanigeukia mimi akauliza kama nina lolote la kusema juu yako. Nikanyamaza. Ningesema nini? Bukwe hasemwi mbele ya mgeni, hata kwa wema, hasa wewe ukiwa hapo nje mlangoni unasikia. Nilikuheshimu kwa kimya, kama mama yangu alivyonifundisha. Siku ya kuondoka, yule bwana, akidhani ananifurahisha, aliniambia kwamba jambo lilikuwa rahisi: hata mimi niliyefanya kazi karibu nawe sikuona jema la kukusemea.

Bukwe, maneno yale yanaishi na mimi. Nayasikia nikifagia ukumbi, maana sasa nafagia mimi. Nauza tiketi mimi, napima mizigo mimi, nawatuliza wenye hasira mimi. Wapakiaji wako wote waliondoka, na wangu nusu. Mshahara umebaki palepale, ila lawama ndizo zimeongezeka. Nimebaki na nafasi ambayo wote tulikuwa tunaistahili, na siioni tamu.

Na bei, ah! Mwezi wa kwanza haikuguswa, watu wakasema tuliogopa bure. Kisha ikapanda, ikapanda tena, na safari zikapunguzwa mpaka ndege ije imejaa. Mama Kilufya alikuja, akasimama palepale pa zamani, mkono kiunoni. Nikamtajia bei. Akageuka kushoto ili aite jina lako. Pale pana ukuta na picha ya ndege nyeupe. Akaniambia, "Mama Solange, si kosa yako," akaenda kutafuta lori. Ningependa angenitukana.

Yule mwalimu wa hesabu wa shule ya misheni, unamjua, aliyewafundisha watoto wetu, aliumwa jicho. Daktari akasema afike Lubumbashi haraka. Nilimwandalia kiti, na ndege haikuja. Kampuni iliituma kwingine kwenye faida kubwa. Zamani ningemtuma Mutombo kwako, na mwalimu angeruka siku ileile. Safari hii nilikuwa na simu ya wakubwa tu, nao waliniambia asubiri ndege ijayo. Akapanda treni, ikakwama njiani. Sasa anafundisha kwa jicho moja. Anaponikuta kanisani ananisalimia vizuri kabisa, na mimi nakosa pa kuweka mikono.

Nifike kwenye lile linaloniuma kuliko yote. Mjukuu wetu anatembea sasa. Patient na Solange walimpa jina lako, Ngoy, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye ni wewe, nami sina ruhusa ya kumwita mtoto. Napiga simu Lubumbashi, Solange anamwekea simu sikioni, naamkia: "Bukwe, habari ya kwako?" Ananijibu kwa kupuliza mate. Solange anasema kila ndege ikipita juu ya nyumba ananyoosha kidole na kusema "Kambo", yaani babu au bibi, maana wamemwambia sisi wawili ni watu wa ndege. Watu gani wa ndege, bukwe? Tiketi zetu za bure zilifutwa wakati wa kuungana. Wewe uko kwenye mahindi. Mimi kila wiki nawafungia wengine mlango wa ndege, narudi nyumbani kwa miguu. Hakuna kati yetu aliyewahi kumshika.

Ndiyo maana nataka urudi. Najua utakachosema: bukwe hali kwenye sahani ya bukwe, na kile ni chakula cha Mama Solange. Basi natamka hapa, watu wote wakishuhudia, kwamba sahani hii haikuwa yangu peke yangu. Kaka yangu amepanda lori la Kaniama na kuku na kitenge, kama inavyofanywa watu wanapotaka kufungua mdomo kati ya bukwe. Ukimpokea kuku, umenipa ruhusa ya kusema, na mimi nimekupa ruhusa ya kushindana. Kelele tutapigiana wenyewe, bila mtu wa kati.

Sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Wakubwa wangu watakasirika, na huenda barua hii ikawafikia kabla yako. Ninyi pia watu wa Kamina mnaosoma, nisikilizeni. Siku Papa Ngoy akifungua meza, bei yangu itashuka ghafla chini ya yake, mtashangaa. Msidhani tumewapenda upya. Nitakuwa nimeagizwa kushusha mpaka yule mdogo achoke aondoke, halafu mtalipa yote mliyookoa na zaidi. Mkikimbilia wote kwangu siku ile, mtarudi kuutazama ule ukuta. Nimesema, na mimi ndiye nitakayekuwa nyuma ya meza nikiwauzia.

Na wewe bwana wa ofisi ya wafanyakazi, kama bado una sikio, uliniuliza swali nami sikujibu. Najibu sasa, kwa kuchelewa. Papa Ngoy hakuwahi kumdanganya abiria kwamba ndege inakuja ilhali haiji. Hakuwahi kumwacha mgonjwa, awe wake au wangu. Nilimnyang'anya wateja kwa miaka, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuniamkia. Kati yetu wawili, ilifaa apewe yeye. Ingenipasa kuvunja heshima siku ile na kusema hivyo, na kwa kuwa sikusema, mtu mwema analima kwa kulazimika na mji mzima unalipa.

Bukwe, wale watu wa ndege moja wanangoja jibu lako kabla mvua haijaisha. Ukikataa sitakulaumu, umeumizwa vya kutosha. Ila ukikubali, mteja wako wa kwanza amekwisha kupatikana. Nitatoka nyuma ya meza yangu nikiwa na sare nyeupe ya kampuni yangu, nitavuka ukumbi watu wakiniona, nitabishana nawe bei bila aibu, na nitapanda ndege yako kwenda kumwona Ngoy wetu. Wakubwa watasikia kabla sijatua. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze nikiwa nimempakata.

Nakuaga kwa heshima, macho chini,

Bukwe wako, mama wa Solange
Kamina