Jina la Kwenye Karatasi Nyekundu

Jumatatu, 3 Februari
Pini za chuma mia mbili nimepima kabla ya chai. Zote sawa. Chumba cha kupimia baridi, mikromita ya kupimia unene baridi, vidole sivisikii. Zinaenda kwenye pampu za hospitali. Pini ikipungua unene hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya inchi, dawa ya mgonjwa inavuja.

Jumanne, 4 Februari
Sanduku la mashine ya tatu: pini kumi na moja nyembamba. Nimepima mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea. Asubuhi mashine hiyo ni ya baba mkwe wangu, jioni ni ya Tun, Mburma. Sanduku ni la asubuhi.
Karatasi nyekundu ya pini mbovu inataka jina la mkerezaji aliyezikata. Kwetu milimani mke hataji jina la baba mkwe. Miaka kumi na miwili sijalitaja. Nimeacha wazi. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Februari
Tena. Tisa. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, ameuliza ni za nani. Nimetazama sakafu.
Baba watoto amepiga simu kutoka Columbus, kwenye kazi yake ya ghala. Eti nivumilie, muzee atajirekebisha. Rahisi kusema ukiwa mbali.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani Baba mkwe amesoma zaburi, hakukosea neno. Lakini Biblia aliifungua kwenye Mathayo. Nilikuwa nyuma yake, nikaona. Bon. Macho yamekwisha. Mistari ya mikromita haioni, anaandika namba kwa mazoea tu. Nina hasira. Na huruma pia.

Jumatatu, 10 Februari
Shefu amejaza jina mwenyewe, kwa kubahatisha. Tun. Ametumiwa ujumbe asirudi kazini. Mke wake ana mimba ya miezi minane, wanakaa juu ya duka la samaki, Grant Street. Baba alikuwa pale akifuta mashine. Nikamngoja aseme. Akaendelea kufuta. Aka! Ni mimi nimemfukuza Tun.

Jumanne, 11 Februari
Nimelisema. Mbele ya shefu, mbele ya Baba mwenyewe. Jina lote. Baba akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akatoka. Shefu ananiuliza ninalia nini, ni jina tu.
Tun anarudi kesho.

Jumamosi, 15 Februari
Baba amehamia Louisville kwa shemeji yangu. Basi la asubuhi, theluji. Siku nne hakugusa chakula changu, alikula mkate wa dukani. Watoto amewabariki. Mimi hapana.
Binti yangu Neema ana kazi ya shule, kuandika majina ya ukoo. Ameniuliza kwa Kiingereza babu anaitwa nani. Nimemwambia ampigie baba yake.