Majivu Kwenye Bluberi Yako

Mama Upendo wangu,

Kila ukipiga simu toka hospitali Dodoma, hata hujasema daktari kakuambia nini, unauliza bluberi yako inaendeleaje. Nami najibu haijambo. Sasa nakuandikia, maana kwenye simu nashindwa.

Unakumbuka ulivyoipakata toka kwa dada yako Njombe, mche wa vijitunda vya buluu ndani ya ndoo, abiria wakikucheka? Hapa Mungaa nikakuambia, mke wangu, alizeti tu inatutoa jasho. Ulikwenda kuzoa majani makavu ya misonobari kule misheni, ukachanganya na udongo, ukasema mti huu unataka udongo mchachu na maji ya mvua. Ya kisima chetu, na chumvi yake, ukayapiga marufuku. Siku mti ulipotoa maua uliniita nje, mikono imejaa unga, unacheka peke yako.

Ulipolazwa, mama yangu alikuja kutusaidia. Mara majani yakaanza kuwa ya njano. Nikakosa raha. Nikajiuliza, huu ukikauka, na yeye je? Najua ni upuuzi. Lakini kila asubuhi nilikwenda kuuangalia kabla sijanawa uso.

Juzi nikamkuta mama ameinama na kikopo, ananyunyiza majivu ya jikoni shinani, kama tunavyofanya kwenye mchicha. Majivu, Mama Upendo! Yanaua uchachu wote. Nilitaka kufoka, nikashindwa. Nikamweleza taratibu. Akakaa chini palepale.

"Nilitaka mkwe wangu akirudi aukute umezaa," alisema.

Tumekwangua udongo wa juu kwa mikono, mimi na yeye, tukaweka mwingine wa misonobari. Matunda yamepukutika, limebaki moja, bado la kijani. Sijui kama mti utapona. Na huyo daktari wako naye hasemi la kueleweka. Naogopa, sikufichi.

Maji ya mvua kwenye pipa yamefika chini, na mawingu hayaonekani. Mama hataki tuyaguse. Chai anapikia maji ya kisima, tunainywa hivyo hivyo na chumvi yake. Upendo akikunja uso, bibi yake anamwambia kunywa, mjukuu wangu, maji mazuri ni ya mama yako.

Wako anayekungoja,
Baba Upendo